Kilo za Mkulima Zisipotee: Mwongozo wa Hifadhidata kwa Karani wa Fakitori ya Kahawa

Kuanzia Oktoba hadi Desemba, fakitori za kahawa za Othaya, Tetu, Mathira na Mukurwe-ini hupokea matunda kutwa. Mkulima anamwaga kahawa yake juu ya turubai, anaichambua, nyekundu huku, mbichi na zilizokauka kule, kisha anapanga foleni mbele ya mizani. Karani anasoma uzito na kuandika risiti. Siku hiyo hakuna pesa. Kahawa itamenywa, itachachushwa, itaoshwa na kuanikwa, itakobolewa, itauzwa mnadani Nairobi, na malipo yatarudi kijijini baada ya miezi kadhaa. Muda huo wote mali ya mkulima ni tarakimu alizoandika karani. Tarakimu zikipotea, au zikiandikwa mara mbili, au zikihamia kwa mtu mwingine mwenye jina kama lake, mkulima ameibiwa hata kama hakuna aliyekusudia kuiba.

Mwongozo huu ni wako wewe unayekaa na kitabu cha risiti. Ni wako pia kijana uliyetoka Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi au Chuo Kikuu cha Karatina na cheti chako, na chama cha ushirika cha kwenu kimekuomba uwasaidie kuhamisha vitabu kwenye kompyuta. Utajifunza kuunda hifadhidata ndogo ya mahusiano na kuisimamia kwa amri unazoziandika mwenyewe kwenye dirisha la amri, bila programu ya kulipia na bila intaneti. Ukiwa Mwea badilisha kahawa iwe mpunga, ukiwa Mukurwe-ini kwenye maziwa badilisha kilo ziwe lita. Majedwali yatabaki yale yale.

Wengi wataanza na Excel, na sishangai, kwa sababu ndiyo iliyofunzwa shuleni. Lakini karatasi ya Excel inamkubalia mtu yeyote aandike chochote popote. Mtu anaweza kupanga safuwima moja kwa alfabeti akasahau zile za pembeni, na dakika hiyo kilo za kijiji kizima zimebadilisha wenyewe. Hifadhidata ya mahusiano ilibuniwa kuzuia maafa ya namna hiyo. Edgar Codd, aliyekuwa akifanya kazi IBM, alichapisha wazo lake mwaka 1970: habari zikae katika majedwali, kila mstari utambulike kwa ufunguo wake, na mtu aulize anachotaka bila kujali kompyuta imekihifadhi wapi. Lugha ya kuuliza, SQL, ilizaliwa humo humo IBM miaka michache baadaye. Bado ndiyo inayotumika katika mabenki na kampuni za simu, na ukiijua leo huku Karatina itakufaa popote utakapokwenda.

Chombo cha kuanzia

Nakushauri uanze na SQLite, iliyoandikwa na Richard Hipp mwaka 2000. Ni ya bure, hifadhidata nzima ni faili moja, na haihitaji seva inayowaka usiku kucha. La muhimu zaidi kwetu ni kwamba stima ikipotea katikati ya kuandika, kama inavyopotea kila mvua inapopiga mlimani, maandishi ya mwisho huwa ama yameingia kamili au hayakuingia kabisa. Hayabaki nusu.

Kwenye Ubuntu andika `sudo apt install sqlite3`. Kwenye Windows pakua zana za SQLite kutoka tovuti yao, uzifungue katika folda, kisha ufungue dirisha la amri ndani ya folda hiyo. Halafu:

```
sqlite3 kahawa.db
```

Utaona `sqlite>` ikikusubiri. Kuanzia hapo kuna lugha mbili. Amri zinazoanza na nukta, kama `.tables` ya kuona majedwali, `.schema` ya kuona yalivyoundwa na `.quit` ya kutoka, ni za programu yenyewe na hazina nukta-mkato mwishoni. Zilizobaki zote ni SQL, na kila sentensi ya SQL hukamilika kwa nukta-mkato. Ukibonyeza Enter na badala ya jibu ukaona `...>`, kompyuta haijaharibika: inasubiri nukta-mkato uliyoisahau. Iandike, bonyeza tena.

Kabla ya jambo lolote andika hizi tatu:

```
.headers on
.mode column
PRAGMA foreign_keys = ON;
```

Mbili za kwanza zinapanga majibu yasomeke. Ya tatu ni ya lazima. SQLite ina uwezo wa kukataa kilo za mkulima asiyekuwepo kwenye rejista, lakini uwezo huo kwa kawaida umezimwa, na unapaswa kuuwasha kila unapofungua hifadhidata. Ziweke zote tatu katika faili liitwalo `.sqliterc` ndani ya folda yako ya nyumbani ili zijiendeshe zenyewe. Anayesahau mstari wa `PRAGMA` hugundua wakati wa malipo kwamba kuna kilo zisizo na mwenyewe.

Majina yanafanana, namba hazifanani

Hapa usifanye haraka. Kwa mila ya Wakikuyu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama, na mabinti vivyo hivyo kwa mabibi. Majina hayapotei, yanazunguka katika ukoo kizazi hadi kizazi. Katika chama kimoja utawakuta akina Wanjiru, Wambui, Wangari na Nyambura wengi ajabu, na wawili au watatu kati yao wamebatizwa Mary na wana baba aitwaye Mwangi. Ukitumia jina kumtambua mkulima, mapema au baadaye utamlipa Mary asiyestahili.

Usitumie namba ya simu pia, kwa sababu watu hubadilisha laini, na nyumba nyingi zina simu moja ya kijana anayesaidia wazazi. Namba ya kitambulisho cha taifa haibadiliki, lakini ni siri ya mtu na haina haja ya kuchapishwa kwenye kila risiti. Tumia namba ya uanachama iliyotolewa na chama. Haina maana nyingine yoyote, haibadiliki, na wazee wanaikumbuka kuliko karani. Mwanachama akifariki, namba yake usimpe mtu mwingine kamwe. Mrithi atapewa yake kamati ikishaidhinisha, na ile ya zamani ibaki na historia yake.

```
CREATE TABLE fakitori (
  id    INTEGER PRIMARY KEY,
  jina  TEXT NOT NULL UNIQUE
) STRICT;

CREATE TABLE wakulima (
  namba INTEGER PRIMARY KEY,
  jina  TEXT NOT NULL,
  simu  TEXT
) STRICT;

CREATE TABLE mapokezi (
  id          INTEGER PRIMARY KEY,
  risiti      TEXT NOT NULL UNIQUE,
  namba       INTEGER NOT NULL REFERENCES wakulima(namba),
  fakitori_id INTEGER NOT NULL REFERENCES fakitori(id),
  tarehe      TEXT NOT NULL,
  aina        TEXT NOT NULL CHECK (aina IN ('mbivu','mbuni')),
  gramu       INTEGER NOT NULL CHECK (gramu <> 0),
  maelezo     TEXT
) STRICT;

CREATE TABLE makato (
  id     INTEGER PRIMARY KEY,
  namba  INTEGER NOT NULL REFERENCES wakulima(namba),
  tarehe TEXT NOT NULL,
  senti  INTEGER NOT NULL,
  sababu TEXT NOT NULL
) STRICT;
```

Soma polepole, kila neno lina kazi. `PRIMARY KEY` ni ufunguo msingi: namba moja, mkulima mmoja. `REFERENCES` ni ufunguo rejea: kilo haziwezi kuingia kwa namba isiyo kwenye rejista. `NOT NULL` inakataa pengo. `UNIQUE` kwenye risiti inazuia risiti moja kuandikwa mara mbili na makarani wawili. `CHECK` inakataa aina yoyote isiyo mbivu wala mbuni, yaani kahawa iliyokauka. `STRICT`, iliyoletwa na toleo la 3.37 mwaka 2021, inazuia maneno kuingia mahali pa tarakimu. Kama programu yako ni ya zamani kuliko hapo na inalikataa neno hilo, pata toleo jipya.

Simu nimeiweka kama maandishi kwa makusudi. Namba zetu huanza na sifuri, na ukiihesabu 07 au 01 kama tarakimu, sifuri inadondoka na ujumbe wa malipo unakwama. Tarehe iandikwe mwaka kwanza, `2025-10-14`. Ukiandika 14/10/2025, kompyuta itakapopanga itaiweka tarehe 2 Desemba mbele ya tarehe 14 Oktoba.

Uzito nao nimeuweka kwa gramu na pesa kwa senti, zote tarakimu kamili. Kompyuta huhifadhi desimali kwa makadirio. Kosa lake ni dogo sana katika mstari mmoja, lakini ukijumlisha msimu mzima linaweza kukunyima hesabu inayolingana na ya mkaguzi. Kilo 42 na nusu ziandike 42500.

Kwa nini fakitori imekaa kwenye mapokezi na si kwa mkulima? Vyama vyetu vina fakitori zaidi ya moja. Tekangu ya Mathira ina Tegu, Karogoto na Ngunguru. Gikanda ina Gichathaini, Kang'ocho na Ndaroini. Mkulima mwenye mashamba mawili anaweza kupeleka la juu huku na la chini kule. Ukimfunga kwa fakitori moja utalazimika kudanganya kwenye rejista siku ya kwanza atakapofanya hivyo. Habari ikae pale inapotokea.

Kuingiza

```
INSERT INTO fakitori (jina) VALUES ('Tegu'), ('Karogoto'), ('Ngunguru');

INSERT INTO wakulima (namba, jina, simu)
VALUES (214, 'Mary Wanjiru', '0700000000');

INSERT INTO mapokezi (risiti, namba, fakitori_id, tarehe, aina, gramu)
VALUES ('A-10482', 214, 2, '2025-10-14', 'mbivu', 42500);
```

Taja safuwima kwa majina kila mara. Siku utakapoongeza safuwima mpya, amri zako za zamani zitaendelea kufanya kazi. Kisha jaribu makusudi kuharibu: ingiza kilo za namba 9999 isiyokuwepo, rudia risiti A-10482, andika `'nyekundu'` badala ya `'mbivu'`. Hifadhidata inapaswa kukukatalia mara zote tatu. Ikikubali hata moja, rudi kwenye `PRAGMA` na kwenye majedwali kabla ya kuendelea.

Kama rejista ya wanachama tayari iko Excel, ihifadhi kama CSV, uiite ndani:

```
.import --csv --skip 1 wakulima.csv wakulima
SELECT namba, jina, simu FROM wakulima WHERE length(simu) <> 10;
```

Swali la pili litakuonyesha kila simu ambayo Excel iliila sifuri yake. Warudie mmoja mmoja.

Kuuliza

Neno kuu ni `SELECT`, na halibadilishi chochote. Unaweza kulitumia kutwa bila hofu. Mama akisimama dirishani akuulize ameleta kahawa kiasi gani, jibu lake ni hili:

```
SELECT tarehe, risiti, gramu / 1000.0 AS kilo
FROM mapokezi
WHERE namba = 214 AND aina = 'mbivu'
ORDER BY tarehe;
```

Angalia ile `1000.0`. Ukiandika 1000 tupu, SQLite itagawanya tarakimu kamili kwa tarakimu kamili na kutupa kilichobaki: gramu 42500 zitakuwa kilo 42. Nusu kilo imetoweka kwenye kila mstari, na mama ana risiti mkononi.

Jioni kabla hujafunga ofisi, jumlisha ya siku kwa kila fakitori:

```
SELECT f.jina, COUNT(*) AS risiti, SUM(m.gramu) / 1000.0 AS kilo
FROM mapokezi m
JOIN fakitori f ON f.id = m.fakitori_id
WHERE m.tarehe = '2025-10-14'
GROUP BY f.jina;
```

`JOIN` inaunganisha majedwali mawili kupitia ufunguo, na `GROUP BY` inakusanya mistari katika mafungu ili `SUM` ijumlishe kila fungu. Linganisha jibu na kitabu cha mizani jioni ile ile. Kosa la leo linarekebishwa leo, mpima uzito na mkulima wangali wanakumbuka. Kosa linalogunduliwa Machi haliwezi kusahihishwa na mtu yeyote kwa dhamiri safi.

Ongeza na hili, linalonasa mtu aliyeandikwa mara mbili chini ya risiti mbili:

```
SELECT namba, tarehe, gramu, COUNT(*) AS mara
FROM mapokezi
GROUP BY namba, tarehe, gramu
HAVING COUNT(*) > 1;
```

`WHERE` huchuja mistari kabla ya kujumlisha, `HAVING` huchuja mafungu baada ya kujumlisha. Utakachokipata hapa huenda si kosa, kwa maana mtu anaweza kuleta magunia mawili yenye uzito sawa. Kazi yako ni kuuliza.

Kuna swali jingine ambalo kamati nyingi hazijawahi kuliuliza kwa sababu kitabu hakiwezi kulijibu. Ni nani hakuleta kahawa msimu huu?

```
SELECT w.namba, w.jina
FROM wakulima w
LEFT JOIN mapokezi m
  ON m.namba = w.namba AND m.tarehe >= '2025-10-01'
WHERE m.id IS NULL;
```

`LEFT JOIN` humbakiza mkulima hata kama hana kilo, na mahali pa kilo huacha pengo liitwalo NULL. Pengo haliulizwi kwa `=`, huulizwa kwa `IS NULL`. Orodha hiyo ina wagonjwa, wajane, waliong'oa mikahawa wakapanda parachichi, na waliokata tamaa wakauzia madalali njiani. Kila mmoja anastahili kutembelewa na mtu wa kamati.

Kosa linalogharimu kuliko yote

Wakulima huchukua mbolea na dawa kwa mkopo kutoka stoo ya chama, na deni hukatwa kwenye malipo. Kwa hiyo unataka kilo za mtu na makato yake pamoja. Mkono unakwenda wenyewe kuandika hivi:

```
SELECT w.namba, SUM(m.gramu)/1000.0 AS kilo, SUM(k.senti)/100 AS makato
FROM wakulima w
JOIN mapokezi m ON m.namba = w.namba
JOIN makato k ON k.namba = w.namba
GROUP BY w.namba;
```

Amri itakubaliwa. Jibu litatoka limepangwa vizuri. Na litakuwa la uongo.

Fuata hesabu. Namba 214 ameleta kahawa mara 3: kilo 42.5, kilo 38 na kilo 51.5, jumla 132. Ana makato 2: mbolea shilingi 3,500 na dawa shilingi 1,200, jumla 4,700. Ukiunganisha majedwali hayo mawili kwa namba yake, kila pokeo linakutana na kila kato: 3 mara 2, mistari 6. Kila pokeo limehesabiwa mara 2, kila kato mara 3. Hifadhidata inakuambia ana kilo 264 na deni la shilingi 14,100. Kwa bei ya mfano ya shilingi 110 kwa kilo, anastahili 14,520 toa 4,700, yaani shilingi 9,820. Swali hili baya lingempa 14,940. Mwenye mapokezi mengi na makato machache angetoka na deni asilolijua. Na asiye na kato lolote asingeonekana kabisa kwenye orodha, kwa sababu `JOIN` ya kawaida humwacha nje.

Dawa yake ni kujumlisha kila jedwali peke yake kwanza, kisha kuunganisha majumlisho:

```
WITH kilo AS (
  SELECT namba, SUM(gramu) AS g
  FROM mapokezi
  WHERE aina = 'mbivu'
    AND tarehe BETWEEN '2025-10-01' AND '2025-12-31'
  GROUP BY namba
),
deni AS (
  SELECT namba, SUM(senti) AS s
  FROM makato
  GROUP BY namba
)
SELECT w.namba, w.jina,
       kilo.g / 1000.0 AS kilo,
       (kilo.g * 11000 / 1000 - COALESCE(deni.s, 0)) / 100.0 AS malipo
FROM wakulima w
JOIN kilo ON kilo.namba = w.namba
LEFT JOIN deni ON deni.namba = w.namba
ORDER BY w.namba;
```

Bei imeandikwa 11000 kwa kuwa ni senti kwa kilo. `COALESCE(deni.s, 0)` inasema: pasipo na deni, hesabu sifuri. Bila hiyo, kitu chochote ukitoa pengo jibu ni pengo, na wasio na deni, ambao ni wanachama wako waaminifu, wangetoka na nafasi tupu mahali pa malipo.

Kabla ya kuipeleka orodha kwa mweka hazina, chukua wakulima watatu au wanne, uwahesabu kwa kalamu na kikokotozi kutoka risiti zao za karatasi. Zisipolingana usilipe mtu.

Kubadilisha bila kuharibu

`UPDATE` hubadilisha na `DELETE` hufuta, na zote mbili zisipopewa `WHERE` hugusa jedwali lote. Ukitaka kubadilisha simu ya mtu mmoja ukasahau sharti, chama kizima kitakuwa na simu moja. Kwa hiyo fanya kila badiliko ndani ya muamala:

```
BEGIN;
SELECT * FROM wakulima WHERE namba = 214;
UPDATE wakulima SET simu = '0711111111' WHERE namba = 214;
SELECT changes();
COMMIT;
```

`SELECT` ya kwanza inakuonyesha utakayemgusa, kwa sharti lile lile utakalotumia. `changes()` inakuambia mistari mingapi imebadilika. Ikisema 1, andika `COMMIT`. Ikisema 1840, andika `ROLLBACK` na hakuna kilichotokea. Bila `BEGIN`, kila amri inakuwa ya kudumu mara tu unapobonyeza Enter.

Kilo zenyewe sizishauri zibadilishwe wala kufutwa kamwe. Karani akikosea, aandike mstari mpya wa kusahihisha, wenye risiti yake na maelezo, gramu zikiwa hasi ikibidi. Ndiyo maana nilikataza sifuri tu na sikukataza hasi. Hifadhidata inaweza kulilinda hilo yenyewe kwa mtego, yaani `TRIGGER`:

```
CREATE TRIGGER usifute BEFORE DELETE ON mapokezi
BEGIN
  SELECT RAISE(ABORT, 'Kilo hazifutwi. Andika marekebisho.');
END;

CREATE TRIGGER usibadilishe BEFORE UPDATE ON mapokezi
BEGIN
  SELECT RAISE(ABORT, 'Kilo hazibadilishwi. Andika marekebisho.');
END;
```

Mwenye ujuzi anaweza kuuondoa mtego huu, kwa hiyo usimdanganye mwenyekiti kwamba wizi umekwisha. Unazuia mkono uliochoka saa moja jioni, na unamlazimu mwenye nia mbaya afanye jambo asiloweza kuliita bahati mbaya.

Jedwali likishakuwa na misimu kadhaa, maswali yataanza kuchelewa. Tengeneza faharasa, `CREATE INDEX mapokezi_namba ON mapokezi(namba, tarehe);`, kisha weka maneno `EXPLAIN QUERY PLAN` mbele ya swali lako. Palipokuwa na `SCAN mapokezi`, yaani kusoma jedwali lote, utaona `SEARCH`. Basi.

Nakala, na siri za watu

Kila jioni:

```
PRAGMA integrity_check;
.backup E:/kahawa-2025-10-14.db
```

Ya kwanza ijibu `ok`. Ya pili inatengeneza nakala kamili kwenye flashi hata kama mtu mwingine ameifungua hifadhidata, jambo ambalo kunakili faili kwa mkono hakukuhakikishii. Flashi isikae droo moja na kompyuta, kwa kuwa mwizi na moto havichagui. Mara moja kwa mwezi ifungue nakala kwenye kompyuta nyingine, uiulize jumla ya kilo, ulinganishe. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa usiihesabu kuwa nakala.

Majina, simu na malipo ya wanachama si mali ya karani. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inampa mtu haki ya kujua unachokihifadhi juu yake na kudai kisahihishwe. Faili hili lisitumwe kwenye kikundi cha WhatsApp cha kamati, wala orodha ya malipo yenye majina isibandikwe mlangoni. Anayejua jirani yake amelipwa nini Ijumaa anajua pia nyumba ya kwenda usiku.

SQLite haina watumiaji wala nywila: anayelifikia faili anafikia vyote. Inatosha fakitori moja yenye karani mmoja au wawili. Chama kikitaka fakitori zote ziandike kwa wakati mmoja kupitia mtandao, hamieni PostgreSQL au MariaDB. SQL uliyojifunza hapa itakufuata karibu yote, isipokuwa vitu vichache kama `PRAGMA`, `STRICT` na namna ya kuandika mitego. Amri za nukta nazo zitabadilika: `.tables` inakuwa `\dt` ndani ya `psql` na `SHOW TABLES;` ndani ya MariaDB. Utapata pia uwezo wa kugawa mamlaka, kwa mfano kwenye MariaDB:

```
GRANT SELECT, INSERT ON kahawa.mapokezi TO 'karani'@'%';
```

Karani huyo ataongeza na kusoma, lakini kufuta hataweza, na safari hii kizuizi hawezi kukiondoa mwenyewe.

Usisubiri msimu ndipo uanze. Mwezi huu chukua kitabu kimoja cha risiti cha msimu uliopita, ingiza kurasa zake, piga jumla, ulinganishe na kilicholipwa. Na kabla ya malipo yajayo, mchapishie kila mwanachama karatasi yake peke yake, yenye tarehe, risiti, kilo na makato, umpe wiki moja ya kuipinga.